Miaka tisa na viraka vya faiba kwenye Beetle yangu

Mwaka 2016 Volkswagen Beetle yangu ya 1971 ilizibwa kutu sehemu tatu kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini ya majimaji, kwenye gereji moja hapa Mombasa. Nimengoja muda wote huu ndipo niandike, kwa sababu faiba siku inapotoka gereji hupendeza hata kama kazi ni mbovu. Rangi inang'aa, mkono unateleza, unalipa na kushukuru.

Iliyotangulia kufa ni sakafu. Kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na asidi ikidondoka miaka nenda miaka rudi bati huliwa likawa jembamba kama karatasi. Fundi aliniambia, “Mzee, hapa tukipiga tabaka tatu umemaliza.” Akazilaza juu ya kutu. Masika ya mwaka wa pili nikainua kiti nikakuta maji. Nilipobinya kwa kidole gumba, kiraka kiling'oka kizima kama ukoko wa wali, upande wa chini kimebeba magamba ya kutu. Faiba yenyewe haikuwa na ufa hata mmoja. Bati ndilo lililoiachia.

Hilo lilinikasirisha, na bado linanikasirisha, maana sakafu hubeba uzito na ni sehemu ya nguvu ya gari. Pale panatakiwa kukatwa, kuwekwa bati jipya na kuchomelewa. Nikafanya hivyo 2018, nikalipa mara ya pili.

Kiraka cha chini ya mlango kilivuta mpaka 2019, kisha rangi ikaanza kuvimba vipele. Ni ugonjwa uleule.

Madigadi ya mbele ndiyo iliyonishangaza. Kwa kuwa hufungwa kwa bolti, ilivuliwa, ikasagwa mpaka chuma cheupe, ikapigwa faiba ndani na nje, nyuma ikafunikwa rangi nzito ya kuzuia maji. Mwaka huu ni wa tisa, katika hewa hii ya chumvi, na kasoro niliyoiona ni ufa mwembamba kama unywele karibu na bolti moja.

Resini ya poliesta husinyaa inapokauka, na haishiki chuma kwa nguvu. Jua likipiga, chuma na faiba havitanuki sawasawa, ukingo unafunguka, maji yanaingia, kutu inaendelea kula gizani. Epoksi, resini ya aina nyingine, hushika chuma vizuri zaidi, ndiyo niliyotumia 2019 kwenye madigadi ya nyuma. Ukiitaka, nunua kitambaa cha faiba kilichofumwa. Ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa mara nyingi hugandishwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta, na epoksi haiiyeyushi, kwa hiyo hauloi vizuri. Faiba si kitu dhaifu: Chevrolet Corvette inaundwa bodi yake kwa faiba tangu 1953.

Kwa hiyo madigadi ya mbele naipa nyota nne kati ya tano. Sakafu siipi hata moja, na fundi akikuambia atakuzibia sakafu kwa faiba, chukua funguo zako uondoke.

Wiki iliyopita niliigonga ile madigadi ya nyuma, ya epoksi, kwa kifundo cha kidole, nikizunguka kiraka chote. Ilitoa mlio mmoja, mkavu, wa kiraka ambacho bado kimeshika, mpaka ukingoni.