Fidla ziliingia studio, harusini hazikufika

Nimeshauriwa nisubiri hasira zishuke ndipo niandike. Nimesubiri, hazijashuka, basi naandika nazo.

Ni studio moja huku Ngamiani, Tanga, kwenye barabara za namba. Wenyeji mtaijua. Tulikwenda kurekodi wimbo wa harusi, taarabu asilia, si rusha roho. Wapiga fidla tuko wawili tu. Tanga hatujapata kuwa watu wa safu ndefu za fidla. Vikundi vyetu vya Black Star na Lucky Star vilijenga jina kwa magitaa na besi. Lakini bwana harusi aliutaka ule upana wa Unguja, Culture Musical Club wakikaa jukwaani na fidla zikakuzunguka. Kwa fidla mbili lawezekana, wala halina uchawi. Mnapiga kipande chote, mnakirudia upya, mnakirudia tena, kisha pigo hili linawekwa kushoto na lile kulia. Mkono haurudii kitu sawasawa: hapa upinde utatangulia kidogo, pale kidole kitapanda kiasi cha unywele, na tofauti hizo ndizo zinazolifanya sikio lidhani watu ni wengi. Mwimbaji na besi wanabaki katikati.

Nikamweleza kijana wa mitambo. Hakunitazama, macho yako kwenye simu. "Mzee wangu, kurudiarudia kulikuwa zamani. Pigeni mara moja, mashine itapanua." Tukapiga, wawili mbele ya maikrofoni moja. Mwenzangu akabaki na fidla begani, anangoja mara ya pili. Akaambiwa, "Funga kisanduku, mzee, nje kuna foleni." Foleni yenyewe ilikuwa dada wa chipsi, kaja kudai hela yake. Kufunga kisanduku! Mtu aliyeshika upinde kabla huyo hajazaliwa, na hata shikamoo hakupewa.

Haya, haki yake nimpe. Sauti ya mwimbaji wetu aliichukua vizuri kuliko studio zote nilizopata kuingia. Kila herufi yasikika, pumzi haigongi. Na alipotuvisha visikilizio, fidla zilikuwa zimetanda huku na huku mpaka nywele zikanisimama. Nikalipa palepale, nikaongeza ya soda. Aliyeusikia wimbo ule kwa visikilizio tu ataniona mie mnung'unikaji.

Harusi ikafika. Ukumbini spika mbili kubwa, mitambo imefungwa mono, yaani kushoto na kulia vimejumlishwa kuwa kimoja, kama kumbi nyingi zifungwavyo, maana aliyekaa kushoto na aliyekaa kulia wote wasikie kitu kimoja. Maharusi wanaingia, wimbo unaanza. Udi upo, dumbaki ipo, mama anaimba. Fidla hakuna! Umebaki mwangwi wake tu kwa mbali. Tanga ni ya waja leo waondoka leo, lakini hizi hazikungoja hata kuketi. Shangazi yake bwana harusi akanifuata mezani: "Mwalimu, si ulisema na wewe umepiga?"

Aliyenifumbua ni kijana wa mitambo ya pale ukumbini. Akaufungua wimbo kwenye kompyuta yake, akatazama mawimbi, akacheka peke yake. Prodyuza, yule kijana wa studio, alichukua lile pigo letu moja, akalinakili, nakala akaigeuza juu chini. Wimbi likipanda kushoto, kulia linashuka. Kwa visikilizio, kila sikio na upande wake, unaona ukubwa wa ajabu. Zijumlishe pande mbili ziwe moja: moja ukaongeza hasi moja, jibu ni sifuri. Wala si ukumbini tu. Simu ya spika moja, redio ndogo ya jikoni, zote zitazimeza fidla. Wapo wanaoichelewesha nakala kwa milisekunde 15 au 20 badala ya kuigeuza. Nayo ikijumlishwa inatoa sauti ya bati, lakini walau yasikika. Na haya yote hugunduliwa kwa kubonyeza kitufe cha mono kabla ya kumkabidhi mteja kazi yake. Kitufe kimoja!

Nikampigia prodyuza. "Mzee, tatizo spika zao." Nikamwambia basi zirudishe fidla katikati, hata kama zitakuwa nyembamba nitazipokea. Akanitajia bei. Bei ya kuondoa alichokitia mwenyewe!

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema: sauti karekodini kwake, miksi mpeleke kwingine. Sasa naona hata hilo namfadhili. Msiende. Au mkienda, nendeni na flashi, mchukue mafaili ghafi, kila chombo mbalimbali, kabla hamjatoa senti. Yetu bado yamo kwenye kompyuta yake, na ujumbe nimeshamtumia: mafaili nayataka, hela siongezi.