Koleo jipya la laparoskopi: kidole gumba kimepona, mguso bado

Anayefanya laparoskopi, yaani upasuaji wa tumbo kupitia matundu madogo, anaijua ganzi ya kidole gumba. Koleo la pete linakulazimisha kuingiza kidole ndani ya pete, na ukikishikilia kibofu cha nyongo kwa muda mrefu, pete ile inaukandamiza mshipa wa fahamu unaopita ubavuni mwa kidole. Ndiyo maana nilipoletewa koleo la mpini usio na pete, wa kushika kwa kiganja kizima, sikuhitaji kubembelezwa.

Kwa mkono, ni zuri kweli. Mzigo unagawanyika kiganjani, ganzi imeisha, na kifundo cha mkono hakijikunji sana ninapoinua kibofu juu ya ini. Gurudumu la kuzungushia ncha lipo pale pale kidole cha shahada kinapofika bila kulegeza mshiko. Ila mwenye mkono mdogo ataumia. Mwenzangu anayevaa glavu namba 6 hufungua meno ya kufungia kwa mikono miwili, na hapo nani anashika kamera? Bado tunatengenezewa saizi moja kana kwamba viganja vyote vilitoka kiwanda kimoja.

Sasa mguso. Kipeperushi kinaahidi kwamba utaihisi tishu, na hapa ndipo tunapokosana. Nje ya mwili, bana uzi mwembamba kati ya taya zake na utausikia; fimbo ya ndani inateleza vizuri kuliko kwenye koleo letu la zamani. Likishapita kwenye trokari, bomba la kupitishia vifaa tumboni, mambo yanageuka. Valvu ya mpira inayozuia gesi isitoke inaushika mrija wa koleo wa milimita 5, ukuta wa tumbo nao unausukuma, na mkono unapokea vyote hivyo pamoja na ukinzani mdogo wa tishu. Unaposukuma au kuvuta, huwezi kutenganisha kipi ni kipi. Kubana kunasalimika kidogo, maana fimbo ya ndani haigusani na valvu. Kulowesha mrija kwa maji ya chumvi kunapunguza msuguano, si kuumaliza.

Kwa hiyo nikitaka kujua kama jiwe limekaa kwenye shingo ya kibofu, bado nategemea zaidi macho: natazama kwenye skrini tishu inavyobonyea, inavyopauka, inavyokataa kukunjika. Na tusilionee koleo. Roboti za upasuaji za da Vinci, ghali kiasi kile, zilitumika zaidi ya miaka 20 bila kumrudishia daktari nguvu ya mguso, hadi toleo la 5 lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024.

Kitu ambacho kipeperushi hakikugusa kabisa ni meza. Vifaa hivi ni virefu, tumbo limejaa gesi, mpini unaishia juu sana na mabega yanapanda masikioni. Shusha meza mpaka mpini ulingane na kiwiko, na skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho. Usipofanya hivyo, hata mpini huu utakuchosha.

Kuosha hakuna shida, linafunguka vipande vitatu.

Kwa kushika na kuvuta, limehamia mkono wangu wa kushoto. Kushona nimebaki na kishikio changu cha sindano cha zamani, chenye mpini ulionyooka. Nyota nne, ya tano wataipata wakileta saizi ndogo.