WYSIWYG Web Builder: Kuhifadhi si Kuchapisha

Karibuni watazamaji. Leo tunaichambua WYSIWYG Web Builder, programu ya Windows ya kubuni tovuti, na tunaingia moja kwa moja kwenye kuhifadhi na kuchapisha, kwa sababu hapo ndipo kazi za watu hupotea.

Tazama hapa. Nikihifadhi, napata faili moja yenye mwisho wa .wbs. Huo ndio mradi, na kivinjari hakiwezi kuufungua. Ukiupandisha kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti mtandaoni, mgeni haoni ukurasa wowote. Kurasa zinapatikana unapochapisha: programu inatengeneza HTML, yaani msimbo ambao kivinjari husoma, kisha inaipeleka pamoja na picha kwenye folda ya kompyuta au kwenye seva kwa FTP, njia ya kuhamisha faili mtandaoni.

Sasa sikiliza vizuri. HTML iliyokwisha kutoka hairudi kuwa mradi ule ule. .wbs ikipotea, tovuti itaendelea kuonekana mtandaoni, lakini kuihariri kwa programu hii ni kuijenga upya. Tena ukirekebisha ukurasa kulekule kwenye seva, uchapishaji unaofuata utafuta marekebisho yako. Weka nakala ya .wbs kwenye diski nyingine, na folda ya picha iende nayo, maana mradi unakumbuka picha ilipo tu. Ukiihamisha picha, pengo litabaki.

Chapisha kwanza kwenye folda tupu, ukague. Isiwe folda ya mradi: faili zinazotoka zinaweza kufunika picha zako za asili.

Kwenye seva, jaza anwani, jina la mtumiaji, nenosiri na folda ya mbali, ambayo mara nyingi ni public_html. Ukiikosea, programu itasema imemaliza, nawe utaona tovuti ya zamani. FTP hutumia mlango (port) 21, na SFTP, njia inayosimba data inapopita, hutumia 22. Chagua SFTP kama seva inaikubali, kwa kuwa FTP ya kawaida hupitisha nenosiri waziwazi. Ukurasa wa mwanzo uitwe index. Majina yote yawe ya herufi ndogo: kwenye seva za Linux, Picha.jpg na picha.jpg ni faili mbili tofauti. Mabadiliko hayaonekani? Bonyeza Ctrl+F5, kivinjari kipakue ukurasa upya badala ya kutumia nakala kilichohifadhi, kabla ya kuilaumu seva.

Kwa anayefanya kazi peke yake naipendekeza bila wasiwasi. Kwa timu, hapana: wawili wakihariri nakala mbili za .wbs, hakuna njia nyepesi ya kuziunganisha.