TAHADHARI wenye Mazda RX-8: fundi anakutolea masega (yale ya kusafisha moshi kwenye egzosti) wakati tatizo ni koili za kupeleka umeme kwenye plagi

Nimekaa na hili wiki mbili kwa aibu, leo nalisema. Mnaonifahamu mnajua hiyo gari nimeihangaikia vipi, sirudii.

Ilianza kutetemeka ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Ukisimama kwenye foleni Mwenge mshale unapanda unashuka, kiti kinacheza, ukikanyaga mafuta inatulia. Na kabla hamjaniuliza kwa nini nilimwamini yule mtu: mafundi watatu kabla yake walifungua boneti wakaniuliza pistoni ziko ngapi. Injini ya rotari, haina pistoni, ina rota zinazozunguka! Yeye hakuuliza. Alivua tairi la mbele kushoto, akaingiza mkono ubavuni mwa injini, akagusa plagi zote nne, mbili kwa kila rota, akasema za chini na za juu hazifanani, usije ukazichanganya. Ni kweli hazifanani. Nikajua nimefika kwa mwenyewe.

Akapima kompresheni kwa geji ya kawaida, akasema iko safi. Kisha akaniita nyuma ya gari. "Bosi, weka kiganja hapa. Hewa inatoka dhaifu, si unaona?" Nikaweka kiganja na nikaona ni dhaifu kweli, kwa sababu nilishaambiwa ni dhaifu. Akasema masega kwenye egzosti yameziba, injini inakosa pumzi, na ile pampu ya hewa ni mzigo tu wa mambo ya moshi, tutoe vyote. Shilingi 450,000. Nikamtumia kwa simu pale pale nimesimama, nikamshukuru na mkono nikampa. Walipoyashusha akayamulika kwa tochi, "yameoza haya." Nikamwambia tupa. Kijana wake akayafunga vizuri kwenye kiroba, akayaingiza ofisini, akafunga mlango kwa ufunguo. Niliona kwa macho yangu na sikuuliza!

Taa ya injini akaizima kwa laptop. Kesho yake asubuhi ikawaka, mtetemo ule ule, na sasa ndani ya gari kunanuka petroli mpaka mwanangu akatapika njiani kwenda shule. Hilo simsamehei.

Fundi mwingine alichomeka mashine, akasoma kodi za misi (namba za kuonyesha mafuta hayaungui sawasawa), akaazima koili nzima akawa anajaribu moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa zimekufa. Akanieleza kwamba petroli isiyoungua kwenye injini inakwenda kuungulia kwenye egzosti, na hicho ndicho kinachoua masega. Yaani hata kama yangekuwa yameziba kweli, ugonjwa ulibaki palepale. Na ile geji ilikuwa kiini macho: rota moja ina nyuso tatu, geji ya kawaida inashika namba kubwa tu, sili ya kuzuia hewa kwenye rota ikifa upande mmoja huioni. Rotari ina kipimo chake.

Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake. Wapo wanaoyanunua. Nilimlipa mtu aniibie.

Nimerudi kwake, akanijibu mbele za watu, "Si wewe ulisema tupa?" Huyu afungwe. Gereji ifungwe. Alipe masega, alipe pampu, alipe koili, na wanaonunua viroba hivyo wakamatwe naye, maana bila wao asingekuwa na biashara. Wangapi wamepita pale wakaondoka wanashukuru kama mimi?

Mnaoniuliza dalili za fundi wa namna hii: hakugusa koili hata moja. Mashine aliichomeka mwisho, kuzima taa, badala ya kuanza nayo. Na kifaa cha zamani hakukirudisha mkononi mwangu. Ukitolewa kitu chochote kwenye gari yako ondoka nacho, hata kama kimeoza.

Jina la gereji liko polisi tangu jana, na picha ya kile kiroba mlangoni ninayo. Kama na wewe ulitolewa masega na mtu aliyekuwekesha kiganja nyuma ya bomba, niandikie twende pamoja, peke yangu wananizungusha.