Mtambo wa biogesi: ununue upi kama una ng'ombe wawili watatu

Kabla hujaulizia bei pima kwanza mavi, usihesabu ng'ombe. Ng'ombe wa bandani anakupa kilo 10 na zaidi kwa siku, ila yule anayeshinda malishoni mengi kayaacha hukohuko. Kilo moja ya mavi mabichi inatoa kama lita 35 mpaka 40 za gesi, na pleti moja ya jiko inakula lita 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo kilo 25 ni masaa mawili na nusu hivi ya kupika, na hapo uwe na lita 25 za maji za kukorogea kila siku. Kama maji unanunua kwa dumu, aisee, subiri kwanza.

Namba moja kwangu ni ule wa kuba, wa tofali na saruji, unaozikwa chini, ambao CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini pale Arusha, waliuboresha miaka ya 80 na mpaka leo mafundi wanaujenga. Ukijengwa vizuri miaka 20 unafika, chuma cha kuoza hauna, na moto wake una presha. Ubaya ni bei, alafu fundi ndo kila kitu, maana kuba ikipata hata ufa mdogo gesi yote inapotea na huoni inapotokea. Usimpe fundi nyumba wa mtaani, mwambie akupeleke kwa mtu aliyemjengea zamani na bado anapika. Kwa ng'ombe wawili watatu mita za ujazo 4 hadi 6 zinatosha, anayekushawishi 13 anakuuzia saruji tu.

Namba mbili ni begi, yaani mfuko mkubwa wa plastiki unaowekea mavi ndani, na kama umepanga au kiwanja bado kina kesi na ndugu basi hili ndo namba moja yako. Linafungwa haraka na ukihama unahama nalo. Ila usinunue la nailoni nyepesi, chukua lile zito kama yale wanayouza kampuni ya Sistema.bio kule Kenya, udai waranti ya maandishi, uzungushie uzio kabisa maana mbuzi mmoja tu na kwato zake kazi imeisha. Presha yake ndogo, na sehemu za baridi kama Njombe gesi inatoka polepole.

Ule wa pipa la chuma linalopanda na kushuka, SIDO, shirika la viwanda vidogo, waliuleta Tanzania mwaka 1975, ni raha kuutazama maana unaona gesi imebaki kiasi gani, lakini kutu! Kupaka rangi hakuishi. Siushauri.

Wa mwisho simtanki la lita 1000. Linameza kilo 9 hivi za mavi kwa siku, gesi yake ni ya chai na uji, maharage sahau.

Wauzaji wengi watakwambia unaweka chochote. Maganda ya ndizi na majani laini yaliyokatwakatwa sawa, kidogokidogo, ila mabua na vijiti haviozi humo ndani, vinaelea vinafanya utando mgumu, na kwenye begi kuvitoa ni shughuli. Mavi ya kuku changanya machache, yana amonia nyingi.

Bei mkubaliane iwe na jiko, bomba na koki ya kutolea maji yanayojikusanya kwenye bomba, na pesa ya mwisho usitoe mpaka moto uwake wa bluu. Itachukua wiki kadhaa, na gesi ya kwanza iachieni itoke nje bila kiberiti, ina hewa ndani hiyo, inaweza kulipuka.