TAHADHARI: Walimu wa Lubumbashi, huyu wa "kufundisha Kanada" ni mwizi

Walimu wenzangu, hasa nyinyi wa Kifaransa, someni hii mpaka mwisho kisha muitupe kwenye makundi yote ya shule zenu. Yule kijana wa ghorofani, mjini, si mbali na Posta, anayesema anapeleka walimu Québec, lile jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, ni mwizi. Mwizi mchana kweupe. Jina lake siliandiki kwa sababu wakili amenikataza mpaka malalamiko yapokelewe parke, kwa mwendesha mashtaka, lakini mliopita pale mnamjua: suti ya buluu, viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua, na ile tabia ya kukuita "yaya", dada mkubwa, kabla hujakaa.

Mwenye kucheka acheke, ila kwanza asikie.

Anayejua mshahara wa mwalimu wa serikali na namna unavyokuja hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anapanda ngazi za watu kutafuta njia. Tena habari yenyewe haikuwa ya kutunga. Québec walimu hawatoshi kweli. Agosti 2023, shule zao zikiwa karibu kufunguliwa, waziri wao wa elimu alisema hadharani kwamba nafasi zaidi ya 8,000 hazijapata mwalimu. Niliisoma hiyo kabla sijamjua huyu nyoka. Na yeye hakuja na maneno ya ovyo ovyo. Alinieleza EIMT ni nini: mwajiri wa kule anaiomba serikali ya Kanada, anaonyesha amekosa mtu wa kwao, ndipo anaruhusiwa kuleta mgeni. Halafu Québec nayo inatoa karatasi yake, CAQ. Halafu ndiyo kibali cha kazi. Nimeyachunguza baadaye, yote ni sawasawa! Mwizi amesoma somo lake kuliko wanafunzi wangu wa darasa la sita.

Barua ya kazi alinipa ndani ya bahasha ya plastiki. Kichwa cha rangi, muhuri, sahihi ya kalamu ya buluu. Niliisoma palepale kama ninavyosoma kazi za wanafunzi, nikitafuta kosa. Hakuna. Hata koma moja haikukaa vibaya. Mimi ninayesahihisha Kifaransa kila siku ya Mungu, mniambie ningeshuku nini?

Na ngojeni niwaambie ya zile pesa. Zilikuwa za likelemba, ule mchango wa kupokezana wa wamama, zamu yangu, 650 dola, "za EIMT". Alizihesabu polepole, akilamba kidole, kila noti akiiinua kwenye taa. Akafika kwenye mia moja iliyochanika kidogo pembeni, pengo dogo kama limeng'atwa na panya. Akaitoa, akanirudishia. "Yaya, hii benki wataikataa. Sitaki nikudanganye. Shuka ubadilishe, mimi nitakungoja." Nikashuka. Mbadilisha pesa pale chini akanipa tisini, nikaongezea kumi niliyokuwa nimetenga kwa usafiri, nikapanda tena. Yeye ananingoja kweli, bahasha haijaguswa, iko mezani. Jamani, mwizi gani anakurudishia mia? Mwizi gani anakuacha utoke na pesa yake mkononi? Tangu hapo, mume wangu alipouliza maswali, mimi ndiye niliyemtetea. Nilimwambia mtu mwenyewe anaogopa hata noti iliyochanika.

Ya aibu zaidi ni ile "biometri". Dola 85 nyingine. Kufuli likafungwa kwa ndani, "mambo ya siri ya ubalozi". Akatoa kidau cha wino, kilekile cha mihuri, na karatasi nyeupe yenye jani jekundu la Kanada juu. Akashika kidole kimoja kimoja, anakibonyeza, anakizungusha kutoka kushoto kwenda kulia, ananiambia nisikaze gumba. Vidole kumi. Akanipangusa kwa karatasi ya chooni na pafyumu. Kesho yake nikaingia darasani kucha zikiwa bado nyeusi, mtoto wa mbele akauliza, "Madamu, tumeshapiga kura tena?" Darasa zima likacheka na mimi nikacheka nao, maana moyoni nilikuwa tayari Québec.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa yaya yangu aliye Montréal. Nilimtumia picha ya barua. Sikutaka kumuuliza kitu, nilitaka tu afurahi na mimi. Akapiga simu saa hiyohiyo, kwake hata hakujapambazuka. "Mama mdogo, hii 'Commission scolaire', bodi ya shule, haipo." Nikamwambia ipo, nina muhuri wake hapa. Akanieleza kwamba za Kifaransa zilifutwa mwaka 2020, sasa zinaitwa centre de services scolaire. Za Kiingereza ndizo zilizobaki na mfumo wa zamani. Na barua yangu ni ya shule ya Kifaransa, ina tarehe ya mwaka huu.

Nikaenda mjini bila hata kubadili nguo za nyumbani. Mlango una kufuli jipya. Mlinzi akasema amehama usiku, na mwenye nyumba anamdai kodi. Kwenye ngazi nilimkuta mama mmoja kutoka Katuba na diploma ya mwanawe mkononi, alikuja kuilipia. Huyo mama Mungu alimpenda. Nilimrudisha kwao nayo.

Sasa mnaniuliza mtu angejuaje. Kwanza, alama za vidole za Kanada zinachukuliwa Kinshasa, kwenye kituo rasmi cha kupokea maombi ya visa, kwa mashine. Hakuna kidau. Na huendi mpaka uhamiaji wa Kanada wenyewe wakuandikie barua ya kukuelekeza. EIMT ni ya mwajiri: analipa yeye, dola 1,000 za Kanada, na sheria yao inamkataza kukudai wewe hiyo pesa. Mawakala wanaotafutia Québec wafanyakazi wa muda wa kigeni wanatakiwa wawe na leseni ya CNESST, ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya kazi kule, orodha iko kwenye intaneti, na hawaruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafutia kazi. Kuna mengine, anwani yake ya barua pepe na kadhalika, nitaandika nikitulia.

Lakini situlii! Huyu mtu anatakiwa gerezani Kasapa, na asitoke kwa simu ya mjomba wake mkubwa, maana tayari nimeanza kusikia habari za mjomba. Auze ile suti. Auze viatu. Alipe mmoja baada ya mwingine mbele ya watu, noti kwa noti, na kila iliyochanika tumrudishie ashuke ngazi akabadilishe. Mtu anayekula pesa ya mwalimu anamla na mtoto wa mwalimu na yule anayeketi darasani. Wanaosema "tumsamehe, ni kijana" waje walipe deni langu la likelemba kwanza, wamama wenzangu wananingoja Jumamosi na sina la kuwaambia.

Pesa, haya, zitatafutwa. Kinachoninyima usingizi ni diploma yangu ya lisansi, ya chuo kikuu. Alichukua ile ya asili, si kopi, eti "Kanada wanataka kugusa karatasi". Na si yangu peke yake, niliona rundo kwenye kabati lake la chuma, na majalada ya walimu wa Ruashi, wa Kenya yetu ya hapa mjini, hata wa mji wa Likasi. Wanasema ameonekana Kasumbalesa, mpakani. Aliye huko afungue macho. Akimwona asimguse, asimpige, amfuate tu ajue anapolala na aniandikie faraghani. Akipigwa atakimbilia Zambia na karatasi zetu.

Jumatatu saa mbili asubuhi tunakutana mbele ya parke. Mwenye risiti aje nayo, hata ile ya kuandikwa kwa mkono. Mwenye ujumbe wake wa sauti asiufute. Na mlioacha diploma, njooni na namba yake ya usajili, wakili anataka kuziandika zote kwenye lalamiko moja.