Chumba cha mtihani cha gumbaru mjini Lamu: nusu saa inayoliwa na kizingiti

Kituo hiki cha elimu ya watu wazima kiko kwenye kichochoro juu kidogo ya Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa kale. Wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, wakiwa watu wazima hufanyia hapa mitihani ya majaribio, na mwenye ulemavu wa viungo hupewa dakika 30 za ziada kwa kila karatasi bila kubembeleza mtu. Nyota tatu kati ya tano. Saa yao ni ya ukarimu. Tatizo ni kule zinakokwenda zile dakika.

Jumba ni la kale, mlango wake wa vipande viwili na mfaa, yaani mwimo wa katikati vinapokutana. Kipande kimoja kikifunguliwa, nafasi ni sentimita 52, na kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa 65 hivi. Lazima vifunguliwe vyote viwili, lakini komeo la cha pili liko kwa bawabu, naye huchelewa. Kizingiti kina sentimita 14, kimewekewa ubao wa mita moja. Mteremko salama ni wa 1 kwa 12, yaani kizingiti hicho kinataka ubao wa sentimita 168. Huu wa sasa umesimama mno: anayejisukuma mwenyewe hurudi kinyumenyume, na mvua ya vuli ikiulowesha hata msukumaji huteleza. (Ubao mrefu utaziba njia ya punda, kweli. Basi uwekwe wakati wa kuingia na kutoka, kisha uondolewe.)

Ndani, madawati ya kawaida yana mbao ya kukanyagia inayogonga vikanyagio vya kiti, kwa hiyo mtahiniwa hukaa mbali na kuandika ameinama. Kwa wawili kati yao wameinua meza kwa vipande vya mbao chini ya miguu. Wazo zuri, utekelezaji mbovu: vipande havilingani, meza inacheza, na mwenye mkono unaotetemeka anapigana na mitikisiko miwili. Fundi achonge vipande vinne sawa, kila kimoja na shimo la kuingiza mguu wa meza. Nafasi ya magoti ifike sentimita 70 kwenda juu na 80 kwa upana. Karatasi ibandikwe kwa utepe kwenye pembe mbili, maana feni haimjali mtu mwenye mkono mmoja.

Waandishi wasaidizi ndio sehemu yenye mengi. Kituo kinao wawili, wenye hati nzuri na adabu, na kila mmoja hukaa na mtahiniwa wake chumba cha peke yao ili wengine wasisikie majibu. Wanajua kuwa hawaruhusiwi kurekebisha wala kufafanua. Kinachowatatiza ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Mtahiniwa akisema "ndia" au "kitwa", mwandishi aliyetoka bara husita, huuliza, na dakika inapita. Mwenyeji naye huandika "njia" na "kichwa" kwa mazoea, na hapo amesharekebisha insha isiyo yake. Sheria iwe moja: neno huandikwa lilivyotamkwa, na mtahiniwa ndiye anayetaja herufi, nukta na aya mpya. Hilo halijifunzwi siku ya mtihani. Mwandishi na mtahiniwa wake wakae pamoja angalau mara tatu kabla, na kikao kimoja kiwe cha hisabati tupu, kwa sababu kusomeana sehemu (namba kama 3/4) ndani ya mabano ndiko kunakovuruga wengi.

Mapumziko hayapo kwenye ratiba yao, na hili ni kosa. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu bila hisia miguuni huhitaji kujiinua kila baada ya dakika 15 hadi 30 asipate vidonda. Msimamizi asimamishe saa, aandike muda wa kutoka na wa kurudi. Choo nacho ni cha kuchuchumaa. Cha kukaa kiko jengo la jirani, na safari hiyo yote huhesabiwa ndani ya zile dakika 30.

Ombi la msaada huu lipelekwe mwanzoni mwa muhula pamoja na barua ya daktari. Barua ieleze kazi ya mkono kuliko jina la ugonjwa: "hawezi kushika kalamu zaidi ya dakika 20" humsaidia msimamizi kuliko "ana baridi yabisi".

Kwa wanaotoka Matondoni au Pate, tazameni maji. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Karatasi ya saa mbili na nusu iliyoanza saa mbili, ukiongeza nusu saa, inamtoa mtu saa tano kamili: mashua iko chini sana ya gati na ngazi zimejaa ukoga. Ratiba ya majaribio wanaipanga wenyewe. Wakiiweka kati ya tarehe 8 na 10 au 22 na 24 za mwezi wa Kiislamu, siku za maji mafu yanayojaa na kupwa kidogo tu, mtahiniwa atatoka mashua ikiwa karibu na usawa wa gati.